Springi za Safari ya Kaagya

Mwaka niliochoka kuvua visiwani Muleba, nilipanda hadi Kamachumu nikamkuta fundi mmoja amelala chini ya gari kuukuu la babu yake. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini chuma chenye swali ndani yake hunishika mguu. Nikabaki.

Mama wa fundi alikuwa amevunjika nyonga. Mfupa uliunga, maumivu hayakuondoka. Alitaka jambo moja tu: kuona tena kwao, Kaagya. Kila gari alilopanda lilimrusha, akaomba arudishwe kabla ya kona ya kwanza. Ndiyo maana fundi alikuwa akibuni springi.

Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma nimepakata kibuyu cha maji, tuzunguke njia ya migombani, kisha tutazame kilichobaki. Springi za vyuma bapa vitupu zilinilowesha hadi magotini. Zile za kujiviringa zilitubembeza kama mtumbwi, maji yakamwagika taratibu, kwa adabu. Mara ya tatu fundi akapachika vipande vya tairi kati ya vyuma bapa. Ukungu ulikuwa umelalia mibuni, nasi tukahisi hizi ndizo. Tukajaza rubisi, pombe yetu ya ndizi, badala ya maji, maana jambo jema halipokelewi kwa maji. Tukaziba kwa jani la mgomba, tukakaza.

Tulielea. Sikumbuki shimo hata moja. Ghafla kizibo kikaruka, povu likanijaa usoni.

“Basi, nimeshindwa,” fundi akasema. Tuliporudi akaanza kufungua nati.

Mama yake alikuwa mlangoni, juu ya mkeka, akitazama povu usoni mwangu na jani la mgomba mkononi. “Rubisi hiyo ya lini?”

“Ya jana, Mama.”

“Ya jana! Mnaiziba mdomo pombe ambayo bado inachachuka, halafu mnalaumu chuma? Na mnajiita Wahaya! Kaza nati zako.”

“Ngoja tujaribu tena kwa maji…”

“Mimi ndiye ninayeumwa, si kibuyu. Nipandisheni.”

Nilikaa kando yake, ameung'ang'ania mkono wangu. Kila tuta nililisikia kwenye vidole vyake. Tulipofika Rwamishenye vililegea. Nikamchungulia: amelala, mdomo wazi kidogo.

“Kalala,” nikanong'ona. Mabega ya fundi yakashuka.

Kaagya tulisimama uani kwao, hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Akafumbua macho mwenyewe, akaitazama migomba kwa muda mrefu.

“Mbuni wangu wa pale pembeni,” akasema, “nani kaukata?”