Chupa ya Bibi Tusekile

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Mbozi ambayo nikiikumbuka, mpaka leo kidole hiki kinaniwasha.

Nilikuwa kijana nisiyetulia. Shule niliiacha darasa la tano, nikapakia malori Tunduma, nikachuma kahawa Hasamba, kisha nikapata kibarua cha kuosha chupa kwenye chumba cha kuoteshea miche. Huko nikaona ajabu! Mgomba mzima unaanza na kipande kidogo kama punje ya mahindi, kimekatwa kwenye moyo wa chipukizi na kuwekwa chupani juu ya uji mzito wenye sukari na chakula chake. Udongo hakuna. Kikiota unakigawa, vikiota unavigawa tena. Hata kula nilikuwa nasahau.

Siku moja Bibi Tusekile akaja kutoka Itumba amebeba chipukizi ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Ugonjwa wa mnyauko ulikuwa umemaliza migomba aliyoachiwa na marehemu mama yake, ndizi ambazo hakujua mwingine mwenye nazo. Lilibaki hilo tu. Bosi wangu, Mama Atupele, akapata humo vipande viwili. Kimoja kikageuka kuwa cheusi, kikafa.

Cha pili kilipotoa mizizi, chupa yake nikaifungua mimi. Nilitaka kugusa mizizi. Sikunawa, nikatumbukiza kidole, nikafunika, nikanyamaza. Siku ya nne ukungu ulikuwa umetanda chupani kama pamba.

"Nani kafungua?" Mama Atupele akauliza.

"Mimi, mama. Nilitaka kuona mizizi."

"Na kioo chote hiki hukukiona? Umekusanya uchafu wa Tunduma nzima, uje kuumwaga humu! Ungesema siku ile ile, ningekihamisha kikiwa kizima."

Akakata ncha ambayo ukungu haukuwa umeifikia, akaiosha kwa dawa, akaiweka kwenye chupa mpya. Mara nyingi haiponi, alisema. Hakunifukuza. Adhabu yangu ilikuwa moja: "Bibi akija, utamwambia wewe."

Bibi alipokuja baada ya wiki tatu, nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote.

"Ndizi za mama yangu zimeushinda mnyauko, mjukuu wangu, halafu zishindwe na kidole chako? Hebu nionyeshe hiyo chupa."

Tukainama pamoja. Pale chini palikuwa na kijani, kidogo kama jino la kwanza la mtoto! Bibi akapiga kigelegele mpaka Mama Atupele akatoka mbio akidhani chupa zimeanguka.

Ndizi mlizokula jana hapa kwangu zimetokana na ncha ile. Na mawaridi ya uani niliyaotesha vivyo hivyo, kwa mikono iliyonawa.

Basi, mwanangu, usiache kudadisi, mimi sijaacha. Ila uliza kabla ya kugusa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla ukungu haujatanda. Mungu akupe mikono safi na macho yasiyochoka kushangaa, na utakachopanda kikuzalie mpaka ugawie majirani.