Kibanda Ambacho Hakikuwa Kwenye Picha

Mwantumu hapendi kupimwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotaka kumponza. Mtu akitokea na futi mkononi karibu na mafiga yake, mama huyu anakuwa mbogo, na mimi Hiza, fundi chuma niliyekula chakula chake saiti baada ya saiti, simlaumu hata kidogo.

Tulifahamiana Chanika, kule Handeni, enzi hizo ana mgahawa wake kando ya barabara. Nasema mgahawa, siyo kibanda: kuta za tofali, madirisha ya bluu, meza zimetandikwa plastiki ya maua. Siku moja wakaja vijana wapole, wakamwamkia shikamoo, wakapima ukuta wake, wakaketi wakanywa chai. Walipoondoka ukuta ulikuwa na alama ya X nyekundu. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na mgahawa ulikuwa ndani ya eneo lake. Mwantumu hana neno na katapila lililokuja baadaye. Kinachomuuma mpaka leo ni kwamba wale vijana walimshukuru kwa chai. Akifika hapo kwenye kusimulia, ugali unakorogwa kwa hasira mpaka unauonea huruma mwiko.

Tangu hapo hajajenga kitu cha kudumu. Ana fito, ana kamba za katani, ana turubai. Saiti ikiisha anakunja, tukihama anahama nasi. Ndivyo tulivyofika naye Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, tunakojenga jumba jipya la kusindika mkonge. Alichimbia fito zake nyuma ya stoo ya saruji, na wiki haijaisha ungedhani amezaliwa pale. Maharage yake ya nazi sitayaeleza, maana sasa hivi nina njaa.

Saiti hii alikuwepo pia Yuditha, binti wa Kishambaa kutoka milimani, sauti ndogo lakini king'ang'anizi kweli kweli. Yeye hashiki nyundo wala koleo. Anajenga jengo ndani ya kompyuta kabla sisi hatujalijenga nje. Siyo picha iliyosimama tu. Anaingiza na ratiba, kisha anabonyeza, na unaona nguzo zinainuka wiki hadi wiki, malori yanaingia na kutoka, kreni inazungusha mkono wake. Vitu viwili vikitaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja, vinawaka nyekundu. Hapo anarudi kwenye ratiba, anasogeza kimoja, anabonyeza tena. Sisi mafundi tukaiita sinema ya Yuditha, na mwanzoni tulimcheka sana. Siku sinema hiyo ilipotuonyesha kwamba tungemwaga zege kwenye njia ya lori la kokoto, tukaacha kucheka.

Kwa hiyo Yuditha alizunguka saiti nzima na futi yake akipima kila kilichosimama: stoo, tangi la maji, choo, rundo la nondo. Akafika kwa Mwantumu. Aliamkia vizuri, maskini, na kuamkia vizuri ndiko kulikomharibia. Mwantumu akamtolea uvivu. Akamwambia watu wenye adabu na futi anawajua, alishawapikia chai, na kama shida yake ni chakula akae ale, lakini futi airudishe mfukoni. Yuditha akarudi ofisini bila kipimo ila na sahani ya makande. Moyoni nikasema vizuri sana, mwacheni mama wa watu.

Kumbe tulikuwa tunajichimbia shimo.

Kenchi za chuma za paa zilipokaribia kuletwa, Injinia Gerald, mkubwa wetu wa saiti, alituita wasimamizi wa mafundi, mimi wa chuma nikiwemo, kwenye kontena la ofisi tuangalie sinema kwenye televisheni. Trela refu likaingia geti la nyuma, mchana, likapinda kwenye stoo, likapita palepale anapopika Mwantumu, tena saa ileile ambayo sote tunakuwa tumekaa kwenye mabenchi yake na matonge mkononi. Hakuna kilichowaka nyekundu. Kwa kompyuta pale palikuwa uwanja mtupu. Gerald akafurahi, njia iko safi.

Yuditha akasema hapana, haiko safi. Akaeleza kwamba pale pana kibanda na yeye hana vipimo vyake. Gerald si mtu mbaya, ila siku hiyo alikuwa na haraka. Akasema basi jambo ni rahisi, kibanda kiondoke kabla ya trela, picha ibaki ilivyo. Akaniangalia mimi, maana anajua nimetoka mbali na yule mama, akaniomba nikamwambie.

Nilikasirika kweli. Nikamwambie mimi, kwa mdomo huu unaokula kwake? Kumwondoa pale ilikuwa ni kumwondoa kwenye riziki, maana nje ya uzio kila kivuli kina mwenyewe na kila mwenyewe ana sufuria lake. Nilitoka pale nikiwa nimemaliza maneno yote mabaya ninayoyajua kwa Kizigua. Yuditha alinikimbilia, akaniomba nisiseme kitu kwanza. Alikuwa amemsihi Gerald ampe nafasi ya kumwingiza yule mama kwenye picha, halafu waone pamoja inasemaje. Gerald alikubali shingo upande.

Tulimkuta Mwantumu anachambua mchele. Yuditha safari hii hakutoa futi. Alikaa kwenye benchi, akafungua kompyuta, akamwita asogee. Akamwonyesha stoo, tangi, choo, mpaka rundo la nondo. Mwantumu akaweka ungo chini, akainama. Aliangalia muda mrefu.

"Mbona mimi sipo?" akauliza.

"Ulinikatalia nisikupime, mama. Ambacho sijakipima hakipo humu, na kisichokuwepo humu trela linapita juu yake."

Akabonyeza. Trela likapita. Nilimwona Mwantumu anashika ukingo wa benchi, na mimi roho iliniuma kama vile lile gari ni la kweli. Nilidhani atatufukuza wote wawili. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasema kule Chanika walimpima ndiyo wakamvunjia, na huku hajapimwa ndiyo wanataka kumvunjia, sasa yeye ashike lipi. Yuditha hakumpamba kwa maneno matamu. Akamwambia hawezi kumwahidi kitu, ila akiwepo kwenye picha, atakayetaka kumpitia itabidi kwanza amwone.

Mwantumu akanyoosha mkono. Tukadhani anataka kuifunga kompyuta, kumbe anataka ncha ya futi. Yuditha akaitoa futi mfukoni, Mwantumu akaishika ncha mwenyewe, akaenda nayo mpaka fito ya mwisho.

Walipima kila kitu: mafiga, mabenchi, pipa la kunawia. Kisha Yuditha akauliza watu wanapita wapi wakija kula, wanarudi wapi, nani anakaa sana, na Mwantumu akanitaja mimi, jambo ambalo halikuhitajika. Wote tukaingizwa mle ndani, vidude vidogo vinavyotembea kuelekea harufu ya maharage.

Gerald alipoitwa kuangalia, televisheni iliwaka nyekundu kila mahali. Trela na kibanda, trela na vidude, mkia wa kreni unaozunguka kwa nyuma na pipa la kunawia. Akasema ndiyo maana alitaka kiondoke. Yuditha akakiondoa mbele ya macho yake, akabonyeza tena. Sasa vidude vyote vikatoka mchana kwenda kutafuta chakula ng'ambo ya barabara, vikapitia geti lilelile la trela, na geti likawaka nyekundu kuliko mwanzo. Gerald akavuta kiti akaketi. Tangu hapo walikuwa wawili kwenye ile kompyuta, huyu anasogeza saa, yule anasogeza kreni. Mwishowe trela likawa linaingia asubuhi na mapema kwa geti la mbele, na kibanda kikasogea hatua chache kutoka kwenye mkia wa kreni. Picha ikapita mwanzo hadi mwisho bila nyekundu.

"Basi abaki," Gerald akasema, na siku hiyo akaja kula kwa Mwantumu, akaomba aongezewe mchuzi.

Kenchi zilikuja, zikapanda, hakuna aliyekwaruzwa. Ila kuna jambo lilibaki moyoni mwa Mwantumu, na mimi nilikuwa nalijua kwa sababu aliacha kunitania. Siku moja akamwomba Yuditha amwonyeshe sinema mpaka mwisho kabisa. Wakaangalia. Kreni ikaondoka, kontena likaondoka, stoo ikafutika, uzio ukafutika. Jumba likabaki limesimama na magari ya mkonge yanaingia.

"Na mimi natoka lini?" akauliza.

Yuditha akamwonyesha kwa kidole. Nyuma ya pale ilipokuwa stoo kulikuwa na kitu kidogo cha bluu, kibanda chake. Akamweleza kwamba kila kitu cha muda amekiwekea siku ya kuondoka, ila chake hakukiwekea. Meneja wa shamba la mkonge alipokuja kuiona picha aliuliza hicho ni nini, akaambiwa ndipo watu wanapokula. Akasema kiwanda kikianza si ndiyo watu watakula zaidi, kiacheni hapo.

Mimi nikasema tungoje tuone, maneno ya mameneja nimeyasikia mengi. Kesho yake mchana, mbele ya watu wote wanaokula, Mwantumu alimwita Yuditha aje na futi yake.

"Pima vizuri, mwanangu," akamwambia. "Safari hii naezeka bati."