Benchi la Upande wa Jua

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa jembe, mkasi wa kupogolea na onyo. Kupogoa ni kupunguza matawi ili mti upumue. Onyo lilitoka kwa Afisa Bustani, bosi wangu: "Binti, mtu asikanyage majani." Ndivyo nilivyoanza kutunza bustani ya mji, Iringa, na ninyi vijana mnaopiga picha pale leo msidhani ilizaliwa hivyo.

Afisa alikuwa mtu wa Tanga, mpole, suruali imenyooka hata akitoka kwenye kitalu cha miche. Aliipenda ile bustani jamani! Aliichora mwenyewe, akaweka mabenchi sita chini ya miti yenye kivuli kizito, miguu ikafukiwa kwa zege. Kwao pwani kwenye joto, ukimpa mgeni kivuli umemheshimu.

Kila asubuhi nilifagia mabenchi yale, na hakuna aliyekaa. Watu walivuka barabara wakajipanga kwenye ukuta wa posta, wamejikunyata, mikono kwapani. Nikadhani hawana ustaarabu. Nilikuwa na hasira za karibu siku zile, na hata sasa ninazo.

Mwezi wa saba, Afisa akaja ameinamisha kichwa. "Mkurugenzi wa mji anasema bustani haina watu. Jumatatu wanakuja kupima, pawe maegesho ya magari." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Nami nilijua bustani ikienda, kibarua changu kimeota nyasi.

Nikavuka barabara nimefura, nikamfuata mzee mmoja mwenye koti zito pale ukutani.

"Kamwene, baba. Mbona hamkai kwenye mabenchi yetu?"

"Kamwene. Pale kivulini? Mwanangu, unataka tufe na baridi? Sisi hapa tunaota jua."

Loo! Mimi Mhehe wa Kalenga, niliyelelewa nikiota jua nyuma ya jiko la mama, sikuliona hilo! Nilikuwa nachunga majani, watu siwaangalii. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, wenzangu wakiwa ibadani, nilibeba sururu. Nikavunja zege, mali ya serikali hiyo, nikang'oa mabenchi mawili na kuyaburuta hadi katikati ya yale majani yasiyokanyagwa, jua linapopiga tangu asubuhi. Ibada ilipoisha, kina mama wa kwaya walipita. Mmoja akakaa anyonyeshe, wenzake wakamzunguka, na hawakuondoka mpaka mchana.

Jumatatu Afisa alifika na wapimaji wawili. Mabenchi yamejaa, na yule mzee wa koti amekaa katikati.

"Nani amekuruhusu?" Afisa aliniuliza.

"Hakuna, mzee."

Mpimaji mmoja akamwomba mzee asimame, wapitishe futi. Mzee hakusogea hata kidogo. "Pimeni tu, wanangu," akasema, "lakini jua mtuachie."

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Alitazama lile kundi, akakanyaga majani yake mwenyewe, akaenda kukaa kando ya mzee. Akafumba macho, jua likampiga usoni. Alipoinuka aliwaambia wapimaji, "Mwambieni Mkurugenzi bustani ina watu." Kisha akanigeukia: "Na yale manne yanangoja nini?"

Baadaye nilihamishiwa Mbeya. Wiki ya kwanza sikushika jembe. Nilizunguka nikiuliza watu wanangojeana wapi, kina mama wakitoka sokoni wanatua wapi mizigo. Msimamizi wa kule aliniita mvivu. Nilimwacha aseme, na siku ya kuagana alilia kuliko mimi.

Sasa nimestaafu, nimerudi Iringa, na baridi ikianza magoti yananikumbusha kila beseni la maji nililobeba. Afisa ameshatangulia, namkumbuka kwa upendo, na kivuli chake pia. Juzi asubuhi nilikwenda bustanini. Mabenchi yote yamejaa, sina pa kukaa! Nikaanza kununa, mabenchi yangu mwenyewe haya. Binti mmoja mwenye mtoto mgongoni akajisogeza.

"Bibi, njoo ukae huku, kuna jua."

Nikakaa. Hakunijua, nami sikumwambia. Machozi yalinitoka, nikasingizia jua.