Mbwa alitukosesha ndege: safari ya nyirinyiri ya harusi yangu kutoka Hadado hadi Lamu

Wakuu, salaam aleikum popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huwa nakula stori zenu bila kulipa. Leo nalipa. Ninayoandika ni mambo yaliyonipata mwenyewe, na mke wangu ameyasoma kabla sijatuma. Amefuta sehemu mbili alizosema nimejipendelea.

Mimi ni mtu wa Amu, yaani kisiwani Lamu. Kazi yangu ni kufunga pampu za sola visimani, na kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Hadado, kule Wajir. Nilienda kufunga pampu moja, ikaharibika, nikarudi. Ikaharibika tena, nikarudi tena. Safari ya nne pampu ilikuwa nzima kabisa ila nikarudi tu, maana nilishamwona Nimo, mwalimu wa chekechea.

Basi nikachumbia, nikakubaliwa, nikah ikafungwa Hadado. Ikabaki karamu ya kwetu Lamu.

Sasa hapa ndipo chombo kinapoingia.

Ukoo wa mama mkwe wangu wana desturi yao. Mama wa bibi harusi hupika nyirinyiri. Kwa wasioijua, ni nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa hadi ikauke, kisha ikazamishwa kwenye samli. Hukaa muda mrefu bila friji. Inatiwa kwenye chombo cha kusukwa, juu inafunikwa kwa tende zilizopondwa, halafu chombo kinavikwa nguo kama bibi harusi. Kitambaa cheupe, shela, ushanga shingoni. Wenyewe wanakiita xeedho, na hiyo x itamke kama h ya mtu aliyekabwa kidogo.

Halafu kinafungwa kamba. Wakuu, si kufungwa kwa kawaida. Kamba inazunguka na kujificha hadi huoni ilipoanzia. Kwenye karamu, bwana harusi na wanaume wa upande wake wanapaswa kuifungua mbele ya watu. Ukikata kamba, au chombo kikifunguliwa kabla ya siku yake, umeaibika wewe na ukoo wako.

Mama mkwe, ambaye namwita Hooyo kama wanawe, alifunga mwenyewe. Akamkabidhi kaka yake alinde. Huyo ndiye Abti, yaani mjomba. Mzee mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu za hina, amechunga ngamia maisha yake yote. Mimi aliniita Kaluun, maana yake samaki. Kwa mfugaji wa kule hilo si jina la sifa.

Mpango ulikuwa rahisi. Wote tupande ndege Wajir hadi Nairobi, tubadilishe, tushuke Lamu kabla ya adhuhuri.

Nimo, Hooyo na shangazi zake wakapita ukaguzi. Tukabaki nyuma mimi na Abti, naye amekumbatia chombo.

Akaja askari na mbwa wa kunusa. Mbwa akanusa begi langu, akapita. Akanusa viatu vya Abti, akapita. Alipofika kwenye chombo, akaketi.

"Akiketi hivyo kuna kitu," akasema askari.

"Kitu ni nyama," nikamjibu. "Hata mimi ningeketi."

Hakucheka. Akasema kifunguliwe, na kusema kweli alikuwa anafanya kazi yake. Abti akasema hakifunguliwi. Wakiwa bado wanaangaliana, mbwa akatoa ulimi na kulamba shela ya bibi harusi toka chini hadi juu.

Abti akakivuta chombo nyuma, ila alishachelewa.

Kwetu Waislamu wa kule na wa kwetu Pwani, alipolamba mbwa paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Abti hakuaga mtu. Aligeuka, akatoka nje na chombo chake, akatafuta bomba. Mimi nikamfuata nikiwa na tiketi mbili mkononi. Nimo alikuwa ameshapanda ngazi ya ndege, akanipungia mkono akidhani nakuja.

Tukaosha. Ndege ilipita juu ya vichwa vyetu tukiwa mara ya tatu.

"Abti, ndege hiyo," nikasema.

"Naona," akasema. "Lete udongo."

Ikabidi tushike njia ya basi. Wajir hadi Garissa, Garissa kupitia Kotile na Ijara hadi Mokowe, kisha boti. Karamu ilikuwa imebakiza siku tatu. Nikampigia Nimo alipofika Nairobi nikamweleza. Akauliza swali moja tu, kama kamba ziko salama. Kuhusu mimi hakuuliza.

Kwenye basi Abti alikataa chombo kiwekwe buti. Akakikatia kiti cha dirishani. Karani wa tiketi akauliza jina la abiria wa tatu.

"Andika Bibi Harusi," akasema Abti, na karani akaandika hivyo hivyo.

Shida ikaja kwenye kizuizi kabla ya Garissa. Mnajua utaratibu wa njia ile, abiria wote mnashuka, mnapanga foleni na vitambulisho. Askari mmoja mwanamke akachungulia ndani ya basi, akaona mtu mfupi mwenye shela ameketi peke yake dirishani.

"Huyo mbona hashuki? Kitambulisho chake kiko wapi?"

Abiria wote wakanitazama mimi. Sijui nani aliwaambia.

Nikaeleza. Akasema chombo kifunguliwe. Abti akamwendea taratibu na bakora yake.

"Binti yangu, wewe umeolewa?"

"Nimeolewa, mzee."

"Siku ya harusi yako, bolisi alikufunua shela kabla ya bwana yako?"

Yule askari akauma midomo, akageuka upande. Aliporudi sura ilikuwa serious tena, akamwita mwenzake mzee, Msomali. Akaja akapitisha kifaa cha kukagua chuma, akainua chombo, akakitikisa, akakiweka sikioni, mwisho akanusa na kufumba macho.

"Mashallah. Ya ngamia." Kisha akauliza, "Bwana harusi ni yupi?"

Nikanyoosha mkono. Akaangalia zile kamba, akaniangalia mimi juu hadi chini.

"Pole," akasema, akaturuhusu tupite.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nikaanza kuzichunguza kamba nikiwa kwenye kiti. Kumbe yale maji ya bomba yalizifanya ziume zaidi. Mafundo yalikuwa yamekaza kama jiwe. Nikijaribu tu kugusa, bakora ya Abti inanigonga goti.

Garissa tukalala kwa ndugu yao, asubuhi tukapanda basi la Mokowe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko chini. Tulipita Kotile mapema mchana, basi linacheza kushoto na kulia. Mbele zaidi, mahali pasipo na nyumba wala mtandao wa simu, gurudumu la nyuma likazama kwenye tope jeusi. Dereva akakanyaga mafuta. Likazama na la pili.

Tulisukuma. Tulikata matawi. Askari wawili waliokuwa wakitusindikiza nao wakavua mabuti wakasukuma. Basi likabaki pale pale, ila sisi tukabadilika rangi. Wachungaji wawili walipita na ng'ombe, wakasema watapeleka habari Kotile ije trekta.

Trekta haikuja siku ile. Tukalala ndani ya basi, na biskuti na ndizi za watu zikaishia hapo.

Kulipokucha watoto walikuwa wanalia. Si kilio cha deko, ni kile cha chini chini ambacho mtoto analia huku amechoka. Nyuma yetu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa nguo wa Garissa, Mama Sahra, na wajukuu zake wawili. Mdogo akawa anaonyesha kidole chombo chetu. Nadhani harufu ya samli ilishamfikia.

Bibi yake akamshusha mkono. "Ile ya harusi ya watu. Usiangalie."

Mtoto akageuza uso dirishani, akawa haangalii kweli.

Abti aliona yote. Akasugua kichwa cha bakora yake. Kisha akasimama, akabeba chombo, akashuka nacho nje na kutandika mkeka palipokauka.

"Kaluun, njoo."

Nikaenda.

"Fungua."

Wakuu, nilidhani ananijaribu. "Abti, Hooyo atasema nini? Karamu ni kesho."

"Dada yangu mimi najua. Yeye alibika chakula. Chakula ni ya watu, na watu ndio hawa."

Huyu ndiye mzee aliyeacha ndege iruke. Hapo nikaelewa kwamba aibu ile anaibeba yeye, si mimi. Mlinzi ni yeye.

Lakini hakutaka kifunguliwe ovyo. Akatangaza kwamba wanawake wote wa basi ni upande wa bibi harusi, wanaume wote ni upande wangu, na mwamuzi ni Mama Sahra. Mama Sahra akaomba bakora ya Abti, akaipokea kama aliyekuwa akiingojea tangu Garissa.

Kondakta, kijana wa Kitui, akaona mambo ni mepesi, akatoa kisu. Wanawake walimzomea hadi akarudi ndani ya basi. Nilipovuta kamba isiyostahili, Mama Sahra akanigonga vidole na kunitoza faini ya kulia kama ngamia. Nikalia. Wakasema huyo ni mbuzi, rudia.

Nililia ngamia mara tatu, wakuu. Dereva naye alilia. Askari mmoja wa kusindikiza, jitu la miraba minne kutoka Meru, alikibana chombo katikati ya magoti yake huku mimi natafuta mwisho wa kamba, akapigwa bakora kwa kukibana sana, na akaomba radhi.

Na watoto waliacha kulia. Walikuwa wanacheka.

Mwisho wa kamba niliupata chini ya ushanga, umekunjwa na kurudishwa ndani. Nikavuta kwa nguvu zote, ukakaza zaidi. Nikavuta tena, vidole vikachubuka. Nikachoka, nikausukuma tu kwa hasira kuelekea ulikotoka, na fundo likafunguka lenyewe mikononi mwangu.

Wanawake walipiga vigelegele hadi ndege wakaruka mitini.

Tulianza na watoto. Kila mmoja kiganja kimoja, tende na nyama na samli. Kisha wanawake, kisha wazee, kisha sisi. Abti aligawa mwenyewe, na alipofika kwa kondakta alimpa sawa na wengine. Zamu yake ilipofika, ndani kulikuwa kumebaki samli ya kupangusa kwa kidole. Akapangusa, akasema alhamdulillahi.

Trekta ilifika mchana. Tukalala Mokowe, na mtandao uliporudi simu yangu ilikuwa imekufa, kwa hiyo sikumwambia mtu lolote. Nusu ni chaji, nusu ni woga.

Asubuhi ya karamu tukapanda boti ya injini kuvuka kwenda kisiwani. Mwendo wenyewe ni mfupi, ila Abti hakuwahi kuiona bahari. Alikaa katikati kabisa, chombo kitupu kifuani, macho amefumba. Baadaye akafungua jicho moja.

"Kaluun. Maji mingi hifi, na hamna ngamia hata moja?"

"Hatuna, Abti."

Akatikisa kichwa kwa huruma na kufumba jicho.

Hooyo alikuwa gatini na Nimo, na nyuma yao ami zangu wote. Akakipokea chombo. Mikono yake ikapanda juu ghafla kwa kuwa kilikuwa chepesi, na uso ukabadilika.

Abti akamweleza kwa Kisomali. Nilielewa labda theluthi. Niliskia Kotile, nikaskia neno la watoto, nikaskia Kaluun. Hooyo akanigeukia.

"Kamba iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Akaipitisha yote katikati ya vidole vyake, pole pole, toka mwisho hadi mwisho, akitafuta palipokatwa. Hakupata.

"Watoto walishiba?"

"Walishiba, Hooyo."

Tukaenda nyumbani kwetu. Akaingia ndani na chombo, akafunga mlango.

Jioni, wageni wamejaa, Hooyo akatoka nacho. Kimevaa shela safi, kimefungwa upya kuliko mwanzo. Akakiweka mbele ya ami zangu. Hawa ni watu wa majahazi, kamba ni kazi yao, na walitangaza kwamba watakifungua kabla chai haijapoa.

Chai ilipoa. Ikapashwa moto, ikapoa tena. Walivua kanzu wakabaki na fulana. Mimi nilijua siri ya kusukuma ila Nimo alinishika mkono chini ya meza na kuubana.

Hatimaye Ami Shee akafanikiwa. Akasimama, akafunua kifuniko kwa madaha, akachungulia ndani. Akachungulia tena. Akakigeuza juu chini.

"Mbona hamna kitu?"

Hooyo alikuwa amekaa na Abti na wale shangazi zake Nimo. Alijibu kwa Kiswahili chake, bila kuinua sauti.

"Ubande wa bwana harusi walishakula. Nyinyi mmechelewa."

Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akamwegemea Abti, na mzee naye ndevu zikawa zinatetemeka.

Haya wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukitoka kaskazini na chakula cha harusi, nunua tiketi ya basi mapema na umwache mbwa na kazi yake. Na ukikwama njiani na watu, hao ndio jamaa zako hadi trekta ifike. Mpaka leo nikipita soko la Garissa, Mama Sahra ananitaka nilie ngamia kabla hajaniuzia kitu.

Kama kuna aliyekuwa kwenye lile basi, ajitokeze hapa chini. Na nyie wengine, semeni mlichowahi kubeba safarini kikawatia matatani. Matusi kuhusu sauti yangu ya mbuzi nimeshayazoea.