Siku Baba Mkwe Alipozibua Sinki Bila Kuingia Jikoni

Mwanangu, nakumbuka siku maji yalipogoma kushuka kwenye sinki langu la jikoni, na mpaka leo nikiifikiria natabasamu peke yangu, watu wakaniuliza nacheka nini. Nilikuwa bi harusi mpya, hata kuitwa mke wa mtu sijakuzoea. Wewe unaniona leo nina sauti ndani ya nyumba hii ukadhani nilizaliwa nayo. Siku ile sauti sikuwa nayo kabisa, na aliyenipa alikuwa mzee ambaye wala hakuniangalia usoni.

Niliolewa hapa Rugu nikitokea Kihanga. Wazazi wangu walikuwa wakulima wenye asili ya Rwanda, walioanza kwa kulima vibarua vya watu mpaka wakapata kibanja chao, shamba la migomba lenye nyumba katikati. Huku nilikoolewa walikuwa wafugaji, watu wa kuamka na ng'ombe na kulala na habari za ng'ombe. Baba mkwe wangu alikuwa ameuza mafahali akamjengea mwanawe, mume wangu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye tangi la kukinga maji ya mvua, na jikoni fundi aliyetoka Bukoba akaweka sinki. Usicheke. Wakati ule watu walikuja kutusalimia, shikamoo bado iko mdomoni, macho yameshafika jikoni. Bomba la maji machafu lilitoka chini ya sinki, likapenya ukuta, likafukiwa ardhini na kutokea kwenye migomba nyuma ya nyumba, ili hata maji ya kuoshea vyombo yasipotee bure.

Baada ya harusi alibaki nasi Shangazi Koleta, dada mkubwa wa baba mkwe, ili anifundishe mambo ya nyumba. Alikuwa mwanamke hodari kwelikweli, nisimdhulumu. Ila alikuwa ametaka mpwa wake aoe binti wa wafugaji, na mimi nilikuwa binti wa vibarua, basi kila nilichoshika alikuwa na la kusema. Nikikoroga uji, nimekoroga vibaya. Nikinyamaza, nina kiburi. Nikizungumza, mama yangu hakunifunza. Nilijifunza kupumua taratibu.

Basi lile sinki likaanza kuchelewa. Mwanzoni maji yalishuka vizuri. Baadaye ukaweza kuosha bakuli la pili huku maji ya bakuli la kwanza bado yanazungukazunguka. Mwishowe yakawa yanasimama, meusi, yana utando wa mafuta juu, na jikoni kukaanza kunuka. Nilikuwa nayachota kwa kikombe na kuyamwaga nje kabla Shangazi hajaamka, lakini huwezi kumficha mtu harufu iliyo ndani ya nyumba anayolala.

Na siku yalipogoma ilikuwa siku ile ile wazazi wangu walipokuwa njiani kuja kunitembelea kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mume wangu alikuwa amekwenda Murongo, mpakani, kutafuta sukari na sabuni, maana miaka ile sabuni ilikuwa adimu kama nini. Nilikuwa peke yangu na Shangazi. Alisimama mlangoni, akaangalia sinki lililojaa, kisha akaniangalia mimi. Akasema nyumba ya kaka yake nimeiharibu kabla haijazeeka, na kwamba mtu aliyekulia kwenye kibanda cha vibarua hawezi kujua vitu vya watu.

"Wazazi wako wakifika," akasema, "nitawaambia mbele ya wazee wote. Wakuchukue wakakufunze kwanza."

Mwanangu, siku hizi mtu akisema hivyo mnajibizana mkaenda zenu. Enzi zile maneno kama hayo, yakisemwa na shangazi mbele ya wakwe, hayakuwa ya mchezo. Nilimjua baba yangu. Alikuwa mtu mpole, lakini aliyeishi ugenini akichunga sana heshima yake. Angenyanyuka pale pale, angeomba radhi, na ningeondoka nyuma yake na mkeka wangu kichwani. Na mimi nilimpenda mume wangu, nakwambia bila haya. Nikachukua kikombe nikaanza tena kuyachota yale maji.

Shangazi akaleta kipande cha nondo ili atoboe. Jirani mmoja aliyesikia kelele akapendekeza tumimine maji ya betri, eti yanakula kila kitu. Hapo ndipo baba mkwe alipotokea, fimbo yake mkononi, amevaa kanzu safi ya kupokelea wageni.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu wakati ule baba mkwe hakuingia jiko la mke wa mwanawe. Hakukaa naye karibu, hakumtazama usoni, na maneno baina yao yalikuwa salamu tu. Hiyo ndiyo heshima, na mzee yule hakuwa mtu wa kuivunja kwa sababu ya bomba. Kwa hiyo alizunguka nyumba, akaenda kusimama nyuma, chini ya dirisha dogo la jiko, akatugeuzia mgongo. Kwanza akamwambia Shangazi aweke nondo chini. Halafu akamwambia jirani hivi: maji ya betri yakimiminwa yakakuta njia imeziba yatabaki yamesimama pale, na atakayeingiza mkono baadaye ni huyu mtoto. Jirani akaondoka na wazo lake.

Kisha nikasikia ananiita mimi. Nilishtuka.

"Mukamwana," akasema, ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, "maji yamegoma kabisa au yanashuka polepole?"

Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba yanashuka, Tata, yaani baba, ila polepole sana.

"Basi njia ipo. Yalianza kuchelewa ghafla, au kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo, Tata."

Akasema basi hakuna kijiko kilichoangukia humo, maana kijiko kingeziba siku moja. Humu kuna kitu kinachoganda juu ya kingine. Mzee huyu alikuwa hajawahi kushika bomba maishani mwake. Lakini alikuwa amekaa na ng'ombe wagonjwa tangu utotoni, na ng'ombe hasemi anapoumwa. Alizoea kuuliza, kupapasa, kungoja, na kuuliza tena. Nilimsikiliza na woga wangu ukaanza kupungua, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu siku ile badala ya kuniambia.

Akaenda mwisho wa bomba, kwenye migomba. Akaondoa majani yaliyoanguka mdomoni mwa bomba, akaniambia kwa sauti nifungulie maji. Nikafungulia. Yakatoka membamba, akasema ni kama maziwa ya ng'ombe mzee. Kwa hiyo majani hayakuwa tatizo. Akarudi hadi ukutani, akachukua jembe na kufukua mwenyewe, na ile kanzu yake safi, mpaka akafikia kiungo ambapo bomba linatoka ndani. Mwanamume wa hadhi yake angeweza kuita mtu. Akakifungua kile kiungo, akaniambia tena nifungulie. Maji yakatoka pale vile vile, membamba.

"Huku nje kuko salama," akasema. "Mzibo uko huko ndani."

Shangazi akapiga makofi. Akasema si alisema, si alisema tangu asubuhi kwamba ni huyu. Mimi nikainamisha kichwa.

Baba mkwe hakupandisha sauti. "Koleta, nimesema ulipo mzibo. Sijasema nani kauweka."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimesikia wengi wakihutubia, lakini maneno yale machache nimeyaweka moyoni kuliko hotuba zote.

Akaniambia niangalie chini ya sinki na nimweleze ninachokiona. Nikamwambia bomba linashuka, halafu linapinda kama kiwiko, halafu linapanda na kuingia ukutani. Akasema kitu kinachoganda hupenda kukaa penye kona. Akaniagiza niweke ndoo chini ya ile kona, nishike kiungo kwa kitambaa na kukizungusha taratibu, kikigoma nisikilazimishe. Hakikugoma. Maji yote yaliyosimama yakashuka ndani ya ndoo, na kile kiwiko kikabaki mikononi mwangu kizito.

"Ndani kuna nini? Niambie ulichokiona tu."

"Kitu cheusi, Tata. Kinanata, kinavutika. Kinanuka samli."

"Kifikiche kwa vidole. Kuna mchanga?"

"Si mchanga. Ni majivu."

Hapo tulielewa wote watatu kwa pamoja. Ule weusi ulikuwa utomvu wa ndizi. Unajua tunavyomenya ndizi za kupika: unapaka mikono samli ili utomvu usikugande, unamenya, kisha unaosha ndizi na mikono. Kazi hiyo tangu zamani hufanyika nje, nyuma ya nyumba. Lakini siku za harusi Shangazi mwenyewe ndiye aliyewaambia wanawake wasichutame nje wakati nyumba ya kaka yake ina sinki, na tangu hapo yeye na wageni wake wakawa wanamenyea pale kila siku. Utomvu ukaingia pamoja na samli. Nami nilikuwa nasugua masufuria kwa majivu kwa kukosa sabuni, majivu yakavifuata. Vitu hivyo vitatu vikakutana kwenye kona na kujenga ukuta.

Nilinyanyua uso nikamtazama Shangazi. Nilikuwa na neno tayari kwenye ulimi, na lilikuwa neno la haki. Sijui mzee aliyenipa mgongo nje ya ukuta alijuaje.

"Kwangua kwanza, mwanangu," akasema.

Nikakwangua. Nilitumia kijiti, kisha maji ya moto, kisha kitambaa, mpaka nikaona mwanga upande wa pili wa kiwiko. Nikakirudisha mahali pake, na yeye akafunga kile kiungo cha nje. Akaniambia nisambaze majivu makavu sakafuni chini ya kiungo nilichofunga. Yakilowa, nikaze zaidi. Hayakulowa. Nikajaza sinki na kuliachia, na maji yakashuka kwa mngurumo niliokuwa sijausikia tangu wiki ya harusi. Nje, mwisho wa bomba, nikamsikia baba mkwe anacheka peke yake, kwa sababu maji yalikuwa yamemrukia miguuni.

Kwa dada yake alisema maneno machache tu, tena kwa upole. Alimwambia kuanzia leo ndizi zimenywe nje juu ya jani, na maji yake yamwagwe kwenye migomba. Akaongeza kwamba yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo yeye ndiye awaambie wanawake wengine. Hakumwaibisha, alimpa kazi ya kusimamia. Shangazi akachukua beseni na kwenda nyuma ya nyumba, akaanza kumenya.

Mume wangu alirudi na sukari, wazazi wangu wakafika, wakala, wakanywa maziwa. Mimi nilikaa nyuma ya mlango wa jiko kama ilivyo desturi, nikisikiliza. Wakati wa maneno ya wakwe ulipofika, baba mkwe akasimama.

"Mmetupa mtoto," akamwambia baba yangu. "Leo nimemuuliza mambo mengi kupitia ukutani. Alinijibu nilichomuuliza, hakuongeza, na hakumsingizia mtu. Mtu wa namna hiyo ningemwachia ng'ombe wangu."

Wewe huenda huoni uzito wake. Mfugaji wa hapa atakuachia nyumba, atakuachia fedha, lakini ng'ombe wake hamwachii mtu hivi hivi. Nilichungulia nikamwona baba yangu, yule aliyelima mashamba ya watu ujana wake wote, anafuta macho kwa kiganja. Kisha ikafika zamu ya Shangazi kusema, na wote wakamgeukia. Nilishika mwimo wa mlango.

Shangazi akakohoa. "Kaka amesema," akasema. "Mimi naongeza kwamba haendi popote. Nani atanisaidia kumenya?"

Nililia nyuma ya mlango ule, mwanangu, mpaka chai ikachemka na kumwagika.

Basi wewe unayeanza nyumba yako, shika haya kutoka kwangu. Sinki likichelewa, usikimbilie nondo wala dawa kali. Jiulize kama limeziba kabisa au kwa kiasi, na kama lilianza ghafla au taratibu. Anzia mwisho wa bomba ukirudi nyuma, ujue mahali palipo pazima, ndipo utajua palipo pabovu. Samli, utomvu na majivu vimwage nje. Hayo ni ya sinki. Kwa watu wako fanya kama mzee yule: uliza vizuri, sikiliza jibu lote, na ukishajua kosa ni la nani, mwachie nafasi ya kulitengeneza bila kumvua nguo mbele za watu. Na kama wewe ndiwe unayesingiziwa, sema ulichokiona, kisha endelea na kazi iliyo mkononi.

Mungu akujalie wakwe wenye masikio na ulimi wenye subira. Akupe nyumba ambayo mgeni akiisogelea anasikia watu wanacheka, na siku ukikosewa awepo mtu upande wa pili wa ukuta anayekuita mwanangu.