Kufuli

Mtaani Guamá, mjini Belém, Brazili, waliomjua Waldenor kwa jina lake ni wachache. Aliitwa Kufuli. Kwenye jujitsu akilala chali na kumbana mtu kiunoni kwa miguu, visigino vimefungamana mgongoni, hakuna aliyechomoka. Jina lilimnogea.

Mwalimu wake, Aristeu, alichoka kumfokea. "Fungua hiyo miguu, we kijana, uchukue mkono wake uupinde mpaka asalimu amri. Kufuli lisilofunguka la kazi gani?"

Lakini kufungua miguu ni kujihatarisha, na Kufuli apitwe, mpinzani aivuke miguu yake mbele za watu?

Kwenye fainali ya jimbo alimbana Juvêncio, fundi rangi wa Icoaraci, mpaka muda ukaisha. Mwamuzi akampa Juvêncio ushindi, kwa kuwa yeye angalau alijaribu kitu. Waldenor akajifariji: hakupitwa.

Sasa wote wawili ni vipara. Jumamosi moja walikutana kibandani kwa Socorro, kila mtu na bakuli lake la uji wa matunda ya asai na samaki wa kukaanga. Juvêncio alikula kwa mkono wa kushoto.

"Wa kulia una nini?"

"Bega. Liliteguka nusu fainali, saa moja kabla yako, na halikupona sawasawa. Mkono ulikuwa hapo kifuani pako, namwomba Mungu usiuguse. Ungeuvuta kidogo tu, ningesalimu amri." Juvêncio akacheka. "We mzee ukanikumbatia tu kama mchumba."

Waldenor akaweka kijiko chini.

"Kufuli, nikuongezee?" Socorro akauliza.

"Waldenor," akamsahihisha.