Muulize Shefu Wako Kwanza

Kuna asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, ambayo hunijia kichwani kila mtu anaponiuliza kama aache kazi au abaki. Na siku hizi naulizwa sana. Wewe mwenyewe hujapumzika kuniuliza tangu zahanati yenu ilipopangwa upya, wakakutoa maabara na kukuweka mapokezi, chini ya mtu uliyemfundisha kazi. Nilikujibu, ukaniuliza tena. Jana uliniuliza ukiwa karibu kulia, leo umeniuliza kwa hasira, na katikati umemuuliza mama mkwe wako, ndugu zako wa Bukavu, na lile kundi lenu la WhatsApp la watu mliosoma pamoja, ambako hata yule aliyehamia Kanada amekushauri. Nakupenda sana, lakini umenichosha. Basi kaa nikueleze mara hii moja.

Asubuhi hiyo nilikuwa Rwimbogo kwa mjomba wangu Anselme, mdogo wa mama yangu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu huko Bukavu, kisha akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, kama wengi wetu tuliozaliwa ng'ambo ile ya Kongo, akawa mkulima. Siku hiyo alikuwa akipalilia maharagwe. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya shamba na viatu vyangu vya mjini, ninalia kwa ajili ya redio.

Maana nilikuwa mtangazaji, mwanangu. Hilo unalijua juu juu tu. Redio yetu ilikuwa ndogo, hapo Kamembe, na kipindi changu kilikuwa cha Kiswahili, nusu saa kila jioni. Nilisoma bei za sokoni, nikaeleza kama pale mpakani Rusizi ya Kwanza watu wanapita vizuri au wamekwama, nikatuma salamu za ndoa na za wagonjwa. Wamama waliokuwa wakivuka na samaki na nyanya walinijua kwa sauti. Nikipita sokoni, mtu nisiyemfahamu aliniita "Maman Redio". Sitakuficha, nililipenda jina hilo kuliko nguo yoyote niliyokuwa nayo.

Kisha redio ikanunuliwa na wenye mali wengine, nao wakatuletea mkurugenzi kutoka Kigali, Madame Clarisse. Alitukusanya, akachora visanduku kwenye ubao, akaviunganisha kwa mistari, akasema hiyo ndiyo sura mpya ya redio. Kila mtu akatafuta kisanduku chake. Mimi nilitafuta karibu na studio, sikujiona. Nikajikuta chini kabisa, pembeni, kwenye mapokezi ya matangazo. Yaani dirishani, pale watu wanapoleta matangazo ya misiba, vitambulisho vilivyopotea na ng'ombe waliokata kamba. Kiswahili, alisema, kitaunganishwa na kipindi cha muziki. Maana yake ilikuwa kwamba yule anayepiga muziki atasema "habari za jioni" kati ya wimbo na wimbo, basi.

Sasa sikiliza nilivyofanya, kwa sababu ndivyo unavyofanya wewe. Nilianza kuuliza watu. Mume wangu, Papa Divine, fundi seremala, aliniambia nitoke. Kesho yake akaniambia nibaki. Siku iliyofuata akaniomba nimwache amalize kupiga randa. Mchungaji aliniambia nisali, na mimi nilikuwa nasali tayari. Maman Zaina, jirani yetu muuza vitenge, aliniambia nifungue biashara, bora isiwe ya vitenge. Kwaya nzima ililijadili jambo langu tukasahau kufanya mazoezi. Nilivuka mpaka nikaenda kumuuliza dada yangu Bukavu, na dada yangu akawaita majirani zake.

Kazini tulikuwa na Faustin, fundi wa mitambo. Huyo naye alikuwa na jambo moja tu kila tulipokunywa chai.

"Sisi bote tutatoka siku moja," alisema. "Batabakia na bisanduku byao. Ile redio itafunga, utaona."

Maneno yale yalinipendeza. Niliiona picha yenyewe: tunatoka mlangoni kwa mstari, mimi mbele, Madame Clarisse akitutazama dirishani. Wakati huohuo nilikaa pale dirishani nimenuna, naandika matangazo ya watu bila kuwatazama usoni, kisha Jumamosi nashika njia ya Rwimbogo kwenda kumlilia mjomba.

Siku hiyo nilimweleza kwamba nimeamua. Jumatatu naacha kazi. Mjomba hakuinua kichwa. Alipalilia mpaka mwisho wa mstari, ndipo akasimama na kuegemea jembe.

"Samedi ingine uliniambia vilevile," alisema, maana Jumamosi kwake ilikuwa samedi na Jumatatu lundi, kwa Kifaransa cha Bukavu.

"Mjomba, sasa nimeamua kweli."

"Kila samedi unakuyaka hapa kuzika hii kazi, na kila lundi unaenda kuitumikia. Miye nimechoka na hii matanga. Ngoja nikuulize. Pale kwa dirisha, utabakia muda gani?"

"Sijue."

"Kile kipindi kitarudia, ao kimekufa?"

"Sijue, Mjomba."

"Nani anajua?"

"Madame Clarisse."

"Ulimuuliza?"

Nikainama kukung'uta udongo kwenye viatu vyangu. Mjomba alinitazama kwa muda, kisha akautazama mlima wa pili kana kwamba huko kulikuwa na mtu wa kumsaidia.

"Umeuliza Kamembe yote," alisema polepole. "Umevuka mutoni, umeuliza na Bukavu. Sasa umekuya kuniuliza miye, muntu wa maharagwe, mambo ya redio. Na ule mwenye anajua, munapishana naye kila siku kwa mulango, haujamuuliza hata kitu moja. Enda kwako. Ukishamuuliza, utarudia hapa, na utanisaidia kupalilia. Mbele ya pale, sitaki kusikia ile jina ya redio katika hii shamba."

Akainama akaendelea na kazi. Hakunipa hata maji. Nilirudi Kamembe nyuma ya pikipiki nikiwa na hasira naye njia nzima, na tulipofika kituo cha mabasi hasira ilikuwa imenigeukia mimi mwenyewe.

Jumatatu nilibisha kwa Madame Clarisse. Nilimkuta mwanamke amevua viatu chini ya meza, macho mekundu, chakula chake cha mchana kimepoa kwenye sahani. Nilimuuliza yale maswali ya Mjomba jinsi yalivyokuwa. Akaniambia nikae.

"Kipindi chako hakitarudi nikiwa hapa," alisema. "Wenye redio hawakitaki, na mimi nimekubali. Pale dirishani si adhabu, lakini pia si njia ya kurudi studio. Nisikudanganye."

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia hivyo siku ya visanduku.

"Hakuna aliyeuliza. Tangu nifike mnanisalimia kwa macho tu, halafu mnaenda kunywa chai."

Ilikuwa kweli, mwanangu. Tulikuwa tumemjadili mama yule kwa chai nyingi kiasi kwamba tulisahau anaweza kujibu. Nilitoka mle ndani na uchungu mkubwa, kwa sababu kipindi changu kilikuwa kimekufa na sasa nimeambiwa waziwazi. Lakini usiku ule nililala. Nikamwambia Papa Divine kwamba nitabaki dirishani nikiwa na macho wazi, niione ile kazi yenyewe kama inafanyika, bila kuilinganisha na ya zamani. Tena nilimwahidi kwamba sitamuuliza tena. Alishukuru mno, hata nikakasirika kidogo.

Na kazi ile ilifanyika. Nilianza kuwatazama watu usoni. Nilijua kumtuliza aliyefiwa mpaka akumbuke jina la ukoo, nilijua kumwambia mzee kwa upole kwamba hatuwezi kumtukana mwizi wa ng'ombe wake redioni. Nilianza kufikiri nitabaki.

Ndipo akaja Maman Furaha. Mume wake alikuwa mbeba mizigo pale mpakani, Mkongomani aliyeishi upande wetu, na alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Ndugu zake wote walikuwa ng'ambo, huko milimani juu ya Bukavu, na walisikiliza redio yetu. Alitaka tangazo kwa Kiswahili ili waje kumzika. Sheria mpya ilisema matangazo yatasomwa kwa Kinyarwanda na Kifaransa tu. Wale ndugu walijua Kimashi, lugha ya kwao, na Kiswahili tu.

Nilipanda kwa Madame Clarisse nikamwomba mara hii moja. Alifikiri, namwamini kwamba alifikiri, akakataa. Akisoma moja, alisema, kesho hatakuwa na sababu ya kukataa mengine. Nikarudi dirishani nikamweleza mjane ukweli. Tangazo likasomwa kwa Kifaransa, na mimi nikawakimbilia wamama waliokuwa wakivuka, nikawaomba wafikishe habari kwa mdomo. Wengine walifika. Dada mkubwa wa marehemu alifika kaburi limeshafunikwa.

Alikuja dirishani siku iliyofuata, mama mzee mwenye fimbo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa nini tuliacha kusema Kiswahili. Nikafungua mdomo nimweleze sheria, na sheria nilikuwa naijua vizuri, lakini sikuweza kuitamka mbele yake. Niliinamisha kichwa nikamwomba radhi.

Hapo nilijua, mwanangu, na sikuhitaji kwaya. Ningeweza kukaa dirishani. Ningeweza kukosa studio. Nisichoweza ni kumjibu mtu kama yule kwa jibu la kuandikiwa, kila wiki, mpaka nizeeke. Nilimwambia Madame Clarisse kwamba nitatoka kiangazi kikianza, nikamfundisha aliyepokea nafasi yangu, pamoja na namna ya kuwatuliza waliofiwa. Siku ya mwisho Madame Clarisse alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hatukuwa marafiki, ila tuliagana vizuri, na shule moja ya hapo Kamembe ilipotafuta mwalimu wa Kiswahili na kumuuliza habari zangu, aliwaambia mema. Ndiko nilikofundisha mpaka magoti haya yaliponikataza ngazi. Mwanzo ulikuwa mgumu, Papa Divine alipiga randa mpaka vidole vikafa ganzi, na kuna jioni hadi leo naikosa ile studio. Lakini sikujuta.

Siku niliyotoka, hakuna aliyetoka nami. Faustin alinisindikiza mpaka getini akaniambia yeye anafuata wiki ijayo. Alikaa pale hadi akapata mafao yake ya uzeeni. Nilimkuta sokoni juzijuzi, bado anasimulia jinsi alivyokuwa karibu kuacha kazi. Nilimwitikia, maana ni mtu mzima, lakini moyoni nilitaka kumkalisha chini.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuambia, na silirudii. Mwenye kujua hatima ya nafasi yako ni shefu wako, yaani mkuu wako wa kazi, si mimi wala yule wa Kanada. Nenda umuulize kwa adabu yale yanayokunyima usingizi, na akikujibu jambo chungu, lipokee kama lilivyo. Ukishajibiwa, itazame kazi uliyopewa sasa, usiiangalie kupitia ile uliyonyang'anywa. Huyo uliyemfundisha ambaye leo ni mkubwa wako, hakukuibia kitu. Muone kama anakuongoza vizuri, basi. Ukiona kazi inafanyika bila kukuharibu, ifanye kwa moyo na uache kuilalamikia mezani kwa watoto wako. Ukiona kuna jambo ndani yake ambalo huwezi kulifanya na ukamtazama mgonjwa machoni, toka, hata kama mshahara ni mzuri, lakini zungumza kwanza na mwenzako wa nyumbani mtakula nini, na waage watu vizuri. Wala usisubiri watu wa chai watoke pamoja nawe. Hawatatoka, nakuambia.

Mungu akutangulie utakapobisha mlango huo. Akupe ulimi wa heshima na masikio ya kusikia jibu. Ukibaki, abariki mikono yako, wagonjwa wakuone ukiingia wapate nafuu. Ukitoka, akufungulie pengine palipo na watu wema. Watoto wako wasikose uji asubuhi, na nyumba yako isikose kicheko jioni. Amina. Sasa nenda, muda huu bado yuko ofisini.